Mkate Kidakani, Mwasmini Uani

Nilikaa katika nyumba ile miezi minane nikitupa mkate wa watu kabla sijajua ninachokitupa.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja katika Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu. Chini aliishi mama mwenye nyumba, peke yake. Juu nilipanga mimi, chumba kimoja na jiko. Kati yetu palikuwa na ngazi ya mawe, na katika ukuta wa ngazi hiyo, usawa wa bega, palikuwa na kidaka, kile kishimo cha ukutani ambacho wazee walikijenga cha kuwekea taa. Kila baada ya siku mbili tatu nilikuta humo kipande cha boflo, ule mkate wa dukani, au pembe ya chapati, au hamri lililokauka. Nilidhani ni watoto wa jirani wanaokula huku wakicheza ngazini. Mimi napenda usafi, tena usafi wa kujionyesha kidogo, basi nilikuwa nakichukua kile kipande, nakitia katika mfuko wangu wa taka, nashuka nao, naenda zangu kazini nikijiona mpangaji bora kuliko wote waliowahi kupita pale.

Sikuwa mgeni wa Mombasa. Nilizaliwa Tononoka, baba yangu akiwa mtu wa reli aliyeshuka kutoka bara na sanduku moja na Biblia moja, na Kiswahili changu kilikomaa pale viwanjani pamoja na watoto wa kila namna. Wazazi walipostaafu walirudi kwao. Mimi nikabaki, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kwa hiyo nilijihesabu mtoto wa mjini ambaye hakuna la kumfundisha. Huo ndio ugonjwa wangu mpaka leo, ila siku hizi nina nafuu.

Mama mwenye nyumba alikuwa na ulimi mkali na mikono laini. Asubuhi huwezi kumpita kwa salamu ya kutupia. "Sabalkheri, binti. Umeamkaje? Kazi yaendaje? Wazee bara hawajambo? Mvua wamepata?" Nami nimechelewa, mkoba begani, nasimama namjibu moja moja. Wanawake wa umri wake pale mjini humwita kila mtu mwanangu: muuza maji, fundi wa umeme, hata daktari. Yeye aliniita binti. Nililiona hilo, lakini sikulitia maanani.

Uani kwake, ndani ya pipa lililokatwa nusu, palikuwa na mwasmini, ule mti mwembamba wa kutambaa unaotoa asmini, maua meupe ambayo wanawake wa pale huyafunga pamoja na mrehani yakawa kikuba cha kubandika kifuani. Nilipohamia, ulikuwa bado unatoa maua mawili matatu. Baada ya miezi michache haukutoa kitu. Majani yaligeuka manjano kuanzia nchani, yakajikunja, yakaanguka. Mama aliyaokota moja moja na kuyatia mfukoni mwa dera lake. Sikumwona akilitupa hata moja.

Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye hakuna siri ya kichochoro iliyompita, ndiye aliyenieleza. Mwasmini ule uliletwa na binti pekee wa mama mwenye nyumba alipokuwa na miaka kumi na miwili, kitawi kimoja kilichofungwa kwa kitambaa kibichi, kutoka kwa shangazi yake Bondeni. Binti akakua, akaolewa, akafariki kwa maradhi kabla hajapata mtoto.

"Hakumwachia mamake kitu ila mti ule," jirani aliniambia kwa sauti ya chini, mkono shavuni. "Na mti wenyewe ndio huo wenda. Ukenda, na yeye ataufuata, we tazama tu."

Tangu siku ile sikuweza kuupita ule mti bila kuutazama. Nikitoka kazini, kabla sijamsalimu mtu, jicho langu lilikwenda kwenye pipa.

Sasa niseme jinsi nilivyojitia udaktari wa udongo. Nilipokuwa mtoto, kuvuka Makupa kulikuwa na taratibu zake. Basi likikaribia Kibarani mazungumzo hukatika, kila mtu hushika pua, mama yangu hunifunika uso kwa leso yake, kwa sababu pale ndipo palipokuwa jaa la mji mzima. Miaka hii jaa limefungwa, pamepandwa nyasi na miti, na kikundi kimoja cha kujitolea kikatualika sisi watu wa maofisini twende Jumamosi kupanda miche. Nisidanganye: nilikwenda kwa sababu ya fulana ya bure, ya kijani, iliyoandikwa kifuani Mji Safi. Nikapewa jembe dogo na mche. Juu palikuwa na udongo mwekundu ulioletwa na malori. Chini yake, kina cha kiwiko, nikakuta mfuko wa plastiki ambao bado ulikuwa na rangi yake, na soli ya kiatu cha mtoto. Nikakaa chini pale pale. Nilikuwa nimeshika pua miaka yote ile, na siku hata moja sikujiuliza kama kiatu changu nilichokitupa kilikuwa humo.

Mwalimu wa kikundi akatuonyesha mapipa ya mboji, maganda na majani yaliyooza mpaka yakawa udongo mweusi, mwepesi, unaonukia mvua ya kwanza. Nikachota konzi moja, nikanusa, nikapenda. Siwezi kulieleza vingine. Kuna watu hupenda dhahabu.

Jioni ile nilimkuta mama amechutama mbele ya pipa lake, anaumwagia mwasmini maji ya kisima. Maji ya bomba kwetu huja yakipenda, na ya kisima yana chumvi.

"Mama," nikamwambia, "udongo huu umechoka, na chumvi imeujaa. Nitakutengenezea mwingine."

"Wautengeneza kwa nini, binti?"

"Kwa takataka za jikoni. Zikioza vizuri huwa udongo."

Alinitazama kuanzia utosini mpaka kwenye viatu vyangu vilivyojaa tope la Kibarani. "Na mti utapona?"

Mtu mwenye akili zake angesema inshallah. Mimi nikasema, "Utapona."

Aliinuka polepole, mkono mmoja kiunoni. Hakunishukuru, wala hakuniuliza tena. Lakini nilipomwambia kwamba kikundi chetu kinatafuta mahali pa kufundishia Mji wa Kale, kwa kuwa lori haliingii vichochoroni na taka hulala milangoni zikingoja mkokoteni, alinikatiza kabla sijamaliza. "Walete hapa. Ua upo." Ndivyo mimi, mwenye mafunzo ya Jumamosi mbili, nilivyogeuka mwalimu.

Siku ya somo alitandika mikeka mwenyewe. Alifukiza ubani, akachemsha kahawa ya tangawizi, akaandaa mahamri na mbaazi kwenye sinia. Walikuja wanawake wasiopungua kumi na watano, majirani, na wengine wametoka Bondeni kwa miguu. Waliketi wamezunguka ndoo yangu, na mama akakaa karibu kabisa na pipa lake, mkono juu ya ukingo, mgonjwa na mwenye mgonjwa.

Nilianza vizuri. Nilionyesha maganda ya vitunguu, maganda ya ndizi, majani ya chai, kila kimoja nikakieleza. Wakauliza maswali, nikajibu kwa madaha. Kisha nikataka kuwaonyesha kwamba hakuna kinachoshindikana. "Chochote kinachooza," nikasema, "chochote kile!" Nikapanda ngazi mbio, nikatoa kidakani chapati nusu na kipande cha boflo vilivyokuwa humo, nikashuka navyo. Nikachukua na hamri lililobaki kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Vyote nikavimega na kuvitia ndooni juu ya yale maganda. Na kwa kuwa tulifundishwa kushindilia, nikanyanyua dera langu kidogo, nikaingiza mguu na kandambili yake, nikakanyaga.

Pakawa kimya. Mwanamke mmoja akasema, "Astaghfirullah," si kwa ukali, kwa namna mtu anavyosema akiona mtoto ameanguka. Nikaendelea kukanyaga mara mbili tatu zaidi, kwa kuwa sikuelewa, huku nawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyenitazama machoni.

Mama akasimama. "Somo limekwisha," akasema. "Ahsanteni kwa kuja, mmefanya wema. Nyweni kahawa." Akamimina vikombe vyote kwa mkono wake, akaanzia kwa mtu mzima kuliko wote kama inavyopasa, na changu akanipa cha mwisho. Kilikuwa kimejaa vilevile kama vya wenzangu. Nilikinywa kikanichoma ulimi.

Kesho yake asubuhi nilisimama chini ya ngazi nikingoja salamu yangu ndefu.

"Hujambo, mpangaji," akasema, akaingia ndani.

Mtu wa mahali pengine hawezi kujua uzito wa hilo. Angenitukana ningejua la kufanya. Siku kumi nilipata hujambo na mpangaji, basi, hakuna kazi, hakuna wazee, hakuna mvua. Nilikuwa nawahi kazini kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sikufurahia hata kidogo.

Nilikasirika kwanza, nisifiche. Nilimwendea jirani nikamwaga yangu yote. Mkate uliokauka ni mkate uliokauka, nikamwambia, nani angeula? Mimi najitolea, nashika taka kwa mikono yangu, halafu nanuniwa kwa ajili ya chapati!

Jirani aliacha kucheka kwake kote. "Mamangu wee," akasema, "wewe umezaliwa mji huu, hujaona mtu akiokota mkate ulioanguka ndiani, akaubusu, akauweka juu ya ukuta? Ile ni neema ya Mungu. Hauliwi, sawa, lakini haukanyagwi, wala hauchanganywi na uchafu. Vile vya kidakani, mama ndiye huviweka, na kila Ijumaa yuwanipa vilivyosalia niwape kuku na mbuzi wangu. Na wewe waiwekea mguu! Na viatu!"

Nikapanda chumbani kwangu, nikakaa kitandani. Nilimkumbuka baba yangu nyumbani Tononoka, kofia ya reli juu ya goti, hagusi ugali mpaka ameushukuru, hata ukipoa, hata sisi watoto tukigongana viwiko kwa njaa. Siku moja nilirusha tonge kumpiga kaka yangu. Baba hakunipiga. Aliliokota lile tonge, akalipangusa, akalila yeye, akiwa ananitazama. Nilikuwa na miaka saba na nililia mpaka nikalala. Kumbe nilikuwa nimefundishwa. Nilikuwa nimefundishwa kwenye meza nyingine, kwa maneno mengine, nikasahau, na ilibidi niwakosee watu ndipo nikumbuke.

Na jambo lililonitoa jasho ni jingine. Nilihesabu. Miezi minane.

Nilimkuta uani, ungo mapajani, anachagua mchele. Nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?" Hakuinua uso.

"Kwa mkate."

"Mkate umefanyaje?"

Alitaka niseme mwenyewe. Nikasema: nilitia neema ya Mungu kwenye taka, nikaikanyaga kwa mguu, mbele ya wageni wako, nyumbani kwako.

Aliendelea kuchagua. "Sikukasirikia dini yako," akasema baadaye. "Kila mtu na yake. Nimekasirika kwa kuwa wewe wajua kusoma, umekuja kutusomesha, na hukuuliza. Miezi hiyo yote wapita pale kidakani, hujaniuliza hata siku moja, mama, huu mkate una nini?"

Hapo ndipo nilipopiga moyo konde. "Kuna na lingine, mama. Ule mkate wa kidakani, huwa unapotea?"

Mkono wake ukasimama juu ya mchele. "Wapotea. Kwani?"

"Ni mimi. Tangu nilipohamia. Nilidhani ni watoto. Nilikuwa nautupa."

Aliinua uso. "Wewe?"

"Mimi."

"Mimi nikisema ni panya!" Akaweka ungo chini. "Nimetega mtego. Nimeazima paka wa watu, nimemlisha samaki mwezi mzima, kisha nimemrudisha kwa mwenyewe na maneno juu: mchukueni paka wenu mvivu, hajui kazi! Kumbe panya yuko juu, yuwalipa kodi!" Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mabega, kisha mwili mzima, mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya mtandio. Nami nikacheka, na machozi yangu hayakuwa ya kicheko tu. Alipotulia akasema, "Paka wa watu nimemdhulumu. Kesho utampelekea samaki, na umwombe radhi na yeye." Nilipeleka.

Lakini bado aliniita mpangaji, na mwasmini bado ulikuwa unakufa. Matawi mawili yalikwisha kauka kabisa. Nilimwambia naweza kuanza upya, taratibu, kwa namna anavyotaka yeye. Alifikiri siku moja nzima. Kisha akaleta ndoo mbili na kuziweka uani, moja nyeupe yenye mfuniko, moja nyeusi kuukuu.

"Nyeupe ni ya neema," akasema. "Hiyo yenda kwa kuku na mbuzi. Nyeusi ni yako."

"Na nitajuaje kipi kinakwenda wapi?"

"Jiulize, ungempa mgeni? Kama mkono wako wapata kumpa mgeni, ama kama jana ungempa, basi ni neema. Kama hata ukiwa na wazimu hungempa, tia kwako."

Ndiyo ikawa kanuni, na hakuna kitabu cha mazingira kilichowahi kunipa kanuni nyepesi kama hiyo. Jumamosi mbili baadaye alituma salamu yeye mwenyewe, mlango kwa mlango, kwamba somo limerudi. Walikuja wale wale na wengine juu yake. Safari hii mimi nilishika ndoo na yeye akashika hukumu. Ganda la embe? Nyeusi. Ganda la yai? Nyeusi. Machicha ya nazi, yale makapi yanayobaki ukishakamua tui, yakaleta mabishano marefu, wengine wakisema nazi ni nazi. Mama akayachota konzi moja, akayaminya, akasema yameshatoa yote yaliyokuwa nayo, yapumzike: nyeusi. Ulipofika ukoko wa wali, mwanamke mmoja akauliza kwani kuna mgeni anayepewa ukoko.

"Mimi!" jirani akadakia, na ukoko ukaenda kwenye nyeupe kwa kelele.

Mwalimu wa kikundi alipokuja kutukagua alifunua ndoo nyeusi, akainamia, akashangaa. Sehemu nyingine zote alizofundisha watu walilalamika juu ya harufu na panya. Yetu haikunuka. Akauliza siri yetu ni nini. Nikamweleza kwamba hatutii chakula kilichopikwa. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa, ni wali na mkate vinavyoharibu, yeye alisahau kunisisitizia. Mama alikuwa kibarazani anasikia. Alijitengeneza mtandio.

Mboji haina haraka. Zaidi ya miezi mitatu tuligeuza na kungoja, na mwasmini ukawa unamaliza majani yake machache. Mama alianza kukaa karibu na pipa hata bila kazi. Maji ya kisima tuliyaacha, tukaukingia maji ya mvua kwenye sufuria, na mvua isiponyesha niliupa mti maji yangu ya kunywa, mama akijifanya haoni.

Siku mboji ilipoiva alichota konzi, akanusa kama nilivyonusa mimi kule Kibarani. "Yanukia," akasema, kwa mshangao. Tukaweka vitambaa chini. Ilibidi tuondoe udongo wa zamani wenye chumvi mpaka kwenye mizizi. Nilipotia mwiko ndani ya pipa alinishika mkono.

"Ukifa mkononi mwako, mpangaji," akaanza, na hakumaliza. Nilimtazama.

"Basi tushike wote," nikamwambia.

Tukatoa udongo kwa vidole, mikono yetu minne ndani ya pipa. Alikuwa anausemesha mti kwa chini chini, kwa Kimvita cha zamani, maneno ya kumbembelezea mtoto anayeogeshwa kwa maji baridi. Mimi nilijifanya nimeshughulika na mizizi. Tukaushindilia udongo mpya kwa viganja, polepole, na safari hii hakuna aliyefikiria mguu.

Wiki iliyofuata majani yote yakaanguka. Yote, halikubaki hata moja.

Nikaanza kupita ua nikitazama chini. Sabalkheri yangu ilirudi ndefu kama zamani, lakini nilikuwa naijibu huku nimeshika kitasa cha mlango. Niliwaza kuhama, kweli niliwaza, nikauliza hata chumba kimoja huko Tononoka. Nilikuwa nimemwambia utapona. Hakuna aliyenilazimisha kusema neno lile. Kazini nilikosea hati za mizigo mara mbili, bosi akaniuliza kama kuna mgonjwa nyumbani, nikasema yuko.

Jumamosi zikaendelea, kwa kuwa wanawake walikuwa wameshika somo kuliko mimi. Ndoo nyeusi zilikuwa zimeingia katika nyumba nyingi za kichochoro, na msukuma mkokoteni akaanza kulalamika kwa utani kwamba tunampunguzia mzigo. Watu walinipongeza. Nami kila pongezi ilinichoma, maana mti mmoja niliouahidi ulikuwa umesimama pale mtupu, vijiti vitupu ndani ya udongo mzuri.

Mvua za vuli zilikuja. Nilikuwa nimelala na homa wiki mbili, mama akinipandishia uji. Alipanda ngazi zile kwa magoti yake yanayomsumbua, asubuhi na jioni, na hakunitajia mti. Mimi sikumuuliza, niliogopa.

Jumamosi nikapata nguvu, nikavaa fulana yangu ya kijani, nikashuka kwenye somo. Wanawake walikuwa wamekwisha keti. Walikuwa kimya, na kimya chao nikakijua. Nikajiuliza, nimefanya nini tena leo?

Mama alikuwa amesimama mbele ya pipa, mgongo kwangu. Aliponisikia alisogea.

Kwenye kile kijiti kilichokuwa kikavu kuliko vyote kulikuwa na majani mapya, ya kijani kibichi kinachong'aa, na mwisho wa tawi, asmini. Nilizihesabu. Tano. Nyeupe, ndogo, mbili zimefunguka na tatu bado zimefumba.

Mama akazichuma moja moja. Asmini tano hazitoshi kikuba, kila mtu pale alijua. Akatoa uzi mfukoni mwa dera lake, ulikuwa tayari, akazitunga, akazizungushia kijani kidogo cha mrehani. Kisha akabaki amekishika kiganjani. Jirani, ambaye hajawahi kufunga mdomo, alikuwa ameufunga kwa mkono wote.

"Marehemu nilikuwa nikimfungia kila Alhamisi," mama akasema, si kwa yeyote. "Yeye akinihimiza, nami nikimwambia subiri."

Akageuka. Akachomoa pini kwenye mtandio wake.

"Njoo hapa, mwanangu. Simama vizuri, usitikisike."

Nikaenda, nikasimama. Alikibandika kifuani mwa fulana yangu, juu ya maandishi, akakinyoosha kwa kidole, akarudi nyuma hatua moja kutazama kama kimekaa sawa. Harufu ilinijaa puani. Nikafungua mdomo nianze somo, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja, na sauti haikutoka.

"Keti," mama akaniambia, akavuta ndoo mbili mbele yake, akaita mwanamke wa kwanza alete alichokuja nacho. Somo la siku ile alilitoa yeye.